Kabla Hujakalia Kiti cha Daktari wa Meno: Kuziba, Kutibu Mzizi, Kuvika Kofia

Ulimi ndio wa kwanza kujua. Kabla kioo hakijaonyesha chochote, ulimi umeshakuta ukingo mkali kwenye gego, au kishimo ambacho juzi hakikuwepo, na tangu hapo hautulii. Kutwa unarudi palepale. Kisha huja maji ya baridi yanayochoma, kisha maumivu ya usiku, kisha, kwa wengi, kimya. Jino linaacha kuuma, mtu anashukuru na kuendelea na shughuli zake.

Kimya hicho ndicho cha kuogopa. Jino lililouma kwa siku kadhaa usiku na mchana halafu likanyamaza lenyewe, mara nyingi limekufa ndani. Ndiyo maana maumivu peke yake ni kipimo kibovu cha kuamua matibabu. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: uozo umefika wapi, na sehemu nzima ya jino iliyobaki ni kiasi gani. Kuziba, kutibu mzizi, kuvika kofia (ganda gumu linalolifunika jino lote) au kung'oa, yote yanatoka hapo, na mgonjwa anayeyauliza hayo mawili mapema hapati mshangao baadaye.

Tabaka la nje la jino, enameli, ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, lakini halina chembe hai, kwa hiyo likishatoboka halioti tena. (Doa jeupe la mwanzo, kabla tundu halijafunguka, bado linaweza kurudishiwa madini kwa floraidi. Hapo mashine haihitajiki.) Chini ya enameli kuna dentini, laini zaidi, yenye vijineli vyembamba visivyoonekana kwa macho vinavyoelekea ndani. Ndani kabisa kuna kiini: neva na mishipa ya damu, vimefungiwa kwenye chumba chenye kuta ngumu. Kidole kikivimba kina pa kutanukia, kiini hakina. Ndiyo sababu jino hupwita kwa kufuata mapigo ya moyo, na ukilala, damu ikajaa zaidi kichwani, linazidi.

Ukifika kwa daktari, eleza maumivu kwa usahihi, maana maelezo yako ni nusu ya uchunguzi. Kama baridi inachoma kisha maumivu yanaisha ndani ya sekunde chache baridi ikiondoka, kiini kina nafasi ya kupona, na kuziba huenda kukatosha. Kama yanabaki kwa dakika nzima au zaidi, yanaanza yenyewe bila jino kuguswa, au yanakuamsha usiku, kwa kawaida kiini kimeshafika pasiporudika. Jino likiuma unapoling'atia, au daktari anapoligonga kwa mpini wa kioo chake, huenda uvimbe umeshatoka nje ya ncha ya mzizi, au jino lina ufa. Na kama ulimeza dawa ya maumivu saa chache kabla ya kuja, sema, la sivyo vipimo hivyo vyote vitadanganya. Tarajia pia picha ya eksirei, kwa sababu uozo ulio katikati ya meno mawili haufikiwi na kioo wala na macho, na ncha ya mzizi ndiyo kabisa.

Ganzi

Watu wengi huogopa sindano kuliko kitu kingine chochote. Kinachodungwa mara nyingi ni lidokeini ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini kidogo sana, katika kichupa cha mililita 1.8 au 2.2. Adrenalini hubana mishipa ya damu ili dawa ikae mahali pake muda mrefu. Ndiyo pia inayofanya moyo udunde kwa kasi dakika moja au mbili baada ya kuchomwa, jambo ambalo wagonjwa huja kulisimulia kama mzio. Kwa kawaida si mzio. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa aseme kabla, pamoja na dawa zote anazomeza.

Taya la juu lina mfupa wenye vitundu vidogo vingi, kwa hiyo sindano hupigwa pembeni mwa jino lenyewe na dawa ikapenya. Magego ya taya la chini ni habari nyingine. Mfupa wa huko ni mnene, na daktari hulazimika kuifuata neva nyuma kabisa, inapoingilia kwenye taya. Nusu ya mdomo wa chini na upande wa ulimi vitakufa ganzi kwa saa mbili hadi nne. Usile mpaka irudi hali ya kawaida, na mtoto aangaliwe kwa makini: watoto hutafuna mdomo usio na hisia mpaka ukavimba.

Gego la chini lenye kiini kilichowaka ndilo gumu kuliko yote kulitia ganzi. Mdomo unaweza kuwa mzito kabisa na jino bado likauma likiguswa. Hiyo si dalili ya daktari asiyejua kazi, wala si dalili ya mgonjwa mwoga. Uvimbe hubadilisha hali ya tishu na namna neva inavyoitikia. Kubalianeni ishara mapema, mkono wa kushoto ukiinuliwa kazi isimame, na dawa iongezwe. Ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi hisia ya kusukumwa wala mtetemo wa mashine. Kusikia jino linasukumwa ni kawaida. Kusikia linachoma si kawaida, usivumilie.

Kuziba

Wengi hudhani kuziba jino ni kama kuziba ufa ukutani: unakwangua, unajaza, unalainisha. Kwa amalgamu, ile ya rangi ya fedha, picha hiyo haiko mbali sana na ukweli. Amalgamu haigandi kwenye jino kwa gundi, hivyo tundu huchongwa liwe na umbo la kuishikilia, jambo ambalo wakati mwingine hugharimu sehemu nzima ya jino. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyoungana na fedha, bati na shaba. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeyataka mataifa yapunguze matumizi yake kwa sababu ya zebaki kwenye mazingira, na Umoja wa Ulaya umeacha kuitumia tangu Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima kwa hali ya mgonjwa. Kama tayari unayo mdomoni na haina kasoro, ushauri wangu ni uiache. Kuitoa ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kukaa nayo, na kila kutoa kunakula jino kidogo.

Nyenzo nyeupe, kompositi, ndiyo inayotumika zaidi sasa, na hiyo haina msamaha kwa mate. Tuangalie kwa karibu. Uozo ukishaondolewa, jino hutengwa, vizuri zaidi kwa shuka dogo la mpira linaloachia jino peke yake lichungulie. Kisha hupakwa jeli ya asidi ya fosforasi, mara nyingi ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30. Jeli hiyo huchimba vijishimo vidogo mno kwenye enameli, huoshwa, na jino hukaushwa mpaka enameli ionekane kama chaki, ila dentini isikaushwe kupita kiasi. Gundi hupakwa, hupulizwa iwe utando, humulikwa kwa taa ya buluu. Ndipo kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, lisilozidi milimita 2, kila tabaka likimulikwa kwa sekunde 20 au zaidi kutegemea taa. Ukiweka nene, mwanga haufiki chini, na huko chini panabaki laini. Isitoshe, kompositi ikikauka hunywea kidogo. Tabaka nene huvuta kuta za jino au hujibandua pembeni na kuacha mwanya usioonekana. Mate yakigusa jino baada ya asidi na kabla ya gundi, hatua ya asidi inarudiwa. Kwa hiyo daktari anayetumia dakika 10 kuweka pamba, mpira na bomba la kufyonza hachelewi. Hapo ndipo uhai wa kazi yake unapoamuliwa.

Tundu likiwa katikati ya meno mawili, utepe mwembamba wa chuma hufungwa kuzunguka jino na kabari ndogo husukumwa kwenye mwanya. Utahisi ufizi umebanwa, na unaweza kutoka damu kidogo. Kabari hiyo hutanua meno kiasi kidogo sana ili yakirudi yagusane kwa kubana. Isipofanyika vizuri, kila mlo utaacha nyuzi za nyama palepale, ufizi utavimba, na uozo mpya utaanzia chini ya kazi mpya. Ukiona chakula kinakwama mahali ambapo hakikuwa kikikwama, rudi ukaseme. Kijiti cha meno hakiponyi kasoro hiyo.

Mwishoni utang'ata karatasi ya rangi. Hapa ndipo kosa dogo lenye usumbufu mkubwa huzaliwa, kwa sababu mtu mwenye ganzi hajui anavyong'ata. Anasema iko sawa, anakwenda nyumbani, ganzi inaisha, kumbe jino limezidi kimo kwa unene wa unywele. Kesho yake linauma kila likikutana na mwenzake. Kurekebisha ni kazi ya dakika 5, lakini ukisubiri wiki mbili, nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa zinaweza kuumia.

Kuchomwa na baridi kwa siku chache hadi wiki mbili au tatu baada ya kuziba tundu lenye kina ni jambo la kutarajiwa, ilimradi kila wiki liwe nafuu kuliko iliyopita. Kompositi unaweza kuitafunia ganzi ikiisha tu. Amalgamu ipe saa 24. Na daktari akikuambia kwamba ameacha kwa makusudi dentini laini kidogo karibu na kiini akaifunika, usidhani ni uvivu. Kuukwangua uozo wote mpaka kiini kikatoboka ilikuwa desturi ya zamani. Siku hizi kuacha kidogo chini, huku kingo zote zikiwa safi na zimezibwa kabisa, kunaokoa viini vingi. Vijidudu vikifungiwa bila chakula hufifia.

Ipo na glasi ayonoma, inayojishikiza yenyewe kwenye jino, inavumilia unyevu kuliko kompositi na kutoa floraidi. Si imara vya kutosha kwa uso wa gego unaosaga. Kwa meno ya watoto na kwa matundu ya shingoni mwa jino karibu na ufizi, ina kazi yake.

Mzizi

Kiini kikishakufa au kuwaka bila kurudi, njia ni mbili: kukitoa kiini au kulitoa jino. Antibayotiki si njia ya tatu. Dawa hufika mahali kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Vidonge vinaweza kuzuia uvimbe ulioenea usoni, lakini chanzo kinabaki ndani ya jino kikisubiri vidonge viishe. Uvimbe unaofunga jicho, unaoshuka shingoni, unaozuia kumeza au kufungua mdomo, au unaokuja na homa kali, usisubiri miadi. Hiyo ni dharura ya hospitali, siku hiyohiyo.

Matibabu ya mzizi yana sifa mbaya yasiyoistahili. Kwa ganzi iliyokolea, yanafanana na kuziba jino kwa muda mrefu zaidi: saa moja hadi moja na nusu, mara moja au mara mbili. Daktari hutoboa juu ya jino mpaka chumba cha kiini, kisha hutafuta milango ya mifereji inayoshuka mizizini. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la chini lina mitatu, pengine minne. Gego la kwanza la juu ndilo lenye hila: mara nyingi lina mfereji wa nne, mwembamba, uliojificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu, na usipoonekana, jino litaendelea kulalamika huku picha ikionyesha kazi nzuri. Ndiyo maana wengine hutumia hadubini.

Mifereji hupanuliwa kwa tupa nyembamba. Za kuanzia zina ncha ya milimita 0.10 au pungufu. Hupandishwa hatua kwa hatua mpaka 0.25 au zaidi. Utaona klipu ndogo ikining'inizwa mdomoni na kusikia mlio: hicho ni kifaa cha umeme kinachopima tupa imekaribia vipi ncha ya mzizi. Urefu ni kila kitu. Ukiishia mbali, uchafu unabaki. Ukipita, unaumiza mfupa. Lakini tupa hazifiki kila kona. Anayesafisha kweli ni sodiamu haipokloraiti, ndugu wa dawa ya kufulia nguo nyeupe, inayomiminwa tena na tena kuyeyusha mabaki na kuua vijidudu. Ndiyo sababu shuka la mpira katika matibabu haya si la hiari: dawa hiyo haifai kufika kooni, na tupa iliyoponyoka haifai kumezwa. Ukisikia ladha kali, inua mkono.

Tupa inaweza kukatika ndani, hasa kwenye mfereji uliopinda. Si mwisho wa jino. Kama mfereji ulikwisha kusafishwa, kipande kinaweza kufungiwa humohumo bila madhara, lakini una haki ya kuambiwa na kuonyeshwa kwenye picha.

Ziara zikiwa mbili, katikati huwekwa dawa ya kalisi haidroksaidi na kizibo cha muda. Kizibo hicho ni cha wiki chache tu. Nafikiri hapa ndipo meno mengi yaliyotibiwa vizuri yanapopotea: maumivu yamekwisha, mtu harudi, kizibo kinavuja, mate yanaingia, na kazi yote inaanza upya au inaishia kwa koleo. Ziara ya mwisho, mifereji hujazwa gutapecha, nyenzo ya asili ya utomvu wa mti inayolainika kwa joto, pamoja na saruji ya kuziba nyufa. Kuuma kwa siku mbili au tatu unapong'ata ni kawaida, na ibuprofeni, kwa wasiokatazwa kuitumia, huwa inatosha. Kidonda kilichokuwa kwenye mfupa huchukua miezi kujaa tena, kwa hiyo picha ya kufuatilia huchukuliwa baada ya miezi 6 hadi 12, si kesho yake.

Kofia

Gego lililotibiwa mzizi limechimbwa katikati, na kuta zake hupinda kila ukitafuna. Likiachwa na kizibo tu, siku moja linaweza kupasuka, na ufa ukishuka mpaka mzizini hakuna wa kuliokoa. Kwa hiyo gego hilo huvikwa kofia, ikiwezekana ndani ya wiki chache. Jino la mbele lenye tundu dogo nyuma si lazima livikwe. Usikubali kofia hapo kabla ya kuuliza kwa nini.

Kuvika kofia kunahitaji kulipunguza jino pande zote, milimita 1.5 hadi 2 juu. Kisha kipimo huchukuliwa kwa nyenzo laini kwenye trei au kwa kamera, na fundi wa maabara hutengeneza kwa wiki moja au mbili, huku ukivaa kofia ya muda. Hiyo ya muda imegandishwa kwa saruji dhaifu makusudi. Epuka bazoka na peremende za kunata, na uzi wa meno uuchomoe kwa pembeni, usiunyanyue.

Jambo la kuuliza ni hili: juu ya ufizi pamebaki jino zima kiasi gani la kushikwa na kofia? Inatakiwa ukanda wa karibu milimita 2 kuzunguka jino. Usipokuwepo, kofia inashikilia kizibo, si jino, na itang'oka pamoja nacho. Nguzo inayoingizwa mzizini husaidia kushika kizibo. Haiongezi nguvu ya mzizi, na mara nyingine huupasua.

Kuhusu nyenzo, zirkonia ni ngumu na inafaa magego. Kauri za kioo hupendeza mbele. Kauri juu ya chuma imejaribiwa miaka mingi ila kauri yake hubanduka, na mstari mweusi huweza kuchungulia ufizi ukishuka. Kabla saruji haijawekwa, tazama rangi kwenye mwanga wa mchana dirishani, si chini ya taa ya kiti. Baada ya saruji, kubadili ni kuikata. Na kofia haiozi, lakini jino lililo chini ya ukingo wake huoza, kwa hiyo mswaki uelekezwe pale inapokutana na ufizi.

Jino likishang'olewa, pengo linalobaki lina majibu matatu. Daraja huegemea meno ya jirani yaliyochongwa. Ni zuri kama majirani tayari yanahitaji kofia, ni hasara kama ni mazima, na chini yake lazima pasafishwe kila siku kwa uzi maalumu au brashi ndogo. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoshikana na mfupa, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua akichunguza mifupa ya sungura, na mgonjwa wa kwanza akatibiwa mwaka 1965. Kwa kawaida mfupa husubiriwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kofia. Sigara, kisukari kisichodhibitiwa na dawa za mifupa aina ya bisfosfoneti, vyote vitajwe mapema. Meno ya bandia ya kuvua ndiyo ya gharama ndogo, na ya chini hucheza kuliko ya juu, kwa sababu ulimi huyasukuma na hakuna kaakaa la kuyafyonza. Yakitia vidonda wiki za kwanza, hurekebishwa na daktari, si kwa kisu cha nyumbani. Mfupa hupungua zaidi mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, hivyo meno yaliyokaa vizuri Januari yatalegea kabla ya Desemba na yatahitaji kuwekewa bitana upya. Usiku yavuliwe yalale ndani ya maji, yasiwe ya moto, maana akriliki, plastiki yake, hupinda.

Na kofia ikikutoka mdomoni katikati ya mlo, usiitupe. Ioshe, ifunge kwenye chombo kidogo, mpigie daktari. Gundi za dukani za kubandika vitu usiziguse: zinaunguza ufizi, na zikishika kofia ikiwa imekaa upande, daktari hataweza kuirudisha ileile. Jino lililo wazi litasikia baridi kama halikutibiwa mzizi; tafunia upande mwingine, lipige mswaki taratibu, na fika ndani ya siku chache, kwa sababu meno ya jirani husogea polepole kwenye nafasi iliyoachwa, na kofia iliyokaa wiki tatu kabatini huweza isiingie tena.